Mkimbiaji Haandaliwi kwa Wiki Mbili

Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza mbio za marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo, na ilibidi picha zitazamwe ndipo ithibitike kwamba Mtanzania alikuwa ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini shangwe ina desturi ya kuyafunika maswali. Simbu alikuwa na umri wa miaka 33 siku hiyo. Miaka minane ilikuwa imepita tangu apate shaba mjini London mwaka 2017, na tisa tangu awe wa tano katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Ushindi wa aina hiyo hupandwa mapema, wakati mkimbiaji angali mwanafunzi, na hapo ndipo linapozuka swali: ni vijana wangapi wa umri wa miaka 15 au 16 wanaomaliza shule kila mwaka bila mtu yeyote kuwapima kwa saa hata mara moja?

Swali hilo linafaa kuulizwa katika kila mkoa. Linafaa zaidi kuulizwa katika Mkoa wa Songwe, kwa sababu huko kuna karibu kila kitu anachohitaji mkimbiaji wa mbio za nyika isipokuwa mtu wa kumwandaa.

Songwe ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wenye Wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na makao makuu yake Vwawa. Sehemu kubwa ya uwanda wa Mbozi, hadi Tunduma mpakani, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Ileje hupanda juu zaidi ya hapo, na upande wa pili nchi huteremka hadi kwenye bonde la Rukwa lenye joto. Mwezi Juni na Julai asubuhi za Mbozi ni za baridi na njia zimekauka. Vijia vinapita kati ya mashamba ya kahawa na mahindi, vinapanda, vinashuka, vinavuka vijito. Hiyo ndiyo nyika yenyewe. Nchi nyingine hutumia fedha kutengeneza vilima vya udongo kwa ajili ya mashindano ya siku moja. Mbozi na Ileje wamepewa bure.

Inafaa hapa kuonya kidogo. Wapo wanaodhani kwamba mwinuko wa nchi peke yake huzaa mabingwa. Si kweli. Mwili huongeza chembe nyekundu za damu kwa kiasi cha kuonekana kadiri mtu anavyoishi juu zaidi, na mji wa Iten nchini Kenya uko kwenye mita zipatazo 2,400. Uwanda wa Mbozi haufiki huko. Lakini mji wa Karatu, ambako wilaya yake ndiyo iliyomlea Filbert Bayi, una mwinuko unaokaribiana na wa Mbozi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Bayi alizaliwa chini mno.

Yuko basi kijana wa kidato cha pili katika kijiji kimojawapo kati ya Vwawa na Tunduma. Hatajwi jina kwa sababu si mmoja. Mwalimu yeyote wa mkoa huo anaweza kumtaja wa kwake. Huamka kabla ya alfajiri, huchota maji kwa dumu la lita 20, hunywa uji kama upo, kisha hushika njia ya kwenda shule ya sekondari ya kata iliyoko kilomita kadhaa kutoka nyumbani. Hukimbia kwa sababu kengele haimsubiri na wachelewaji huadhibiwa. Jioni hurudi njia ile ile. Wakati wa mvua kuna palizi, na kuanzia Mei kuna kahawa ya kuchuma. Usiku hula ugali na maharage, husoma kwa taa ndogo ya sola hadi usingizi umshinde.

Ukimuuliza kijana huyu anataka kuwa nani, atajibu bila kusita. Kwanza anataka raba, kwa sababu zile alizo nazo ni za sare na zimeachia soli. Halafu anataka kuchaguliwa katika timu ya mkoa, apande basi, aone mji asioujua. Baadaye anataka kuingia Jeshi la Wananchi, Polisi au Magereza, kwa kuwa amesikia kwamba huko mkimbiaji hupata ajira na muda wa mazoezi. Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ. Mwisho kabisa, na hili hulisema kwa sauti ya chini, anataka mama yake ajengewe nyumba ya bati. Hayo si matamanio ya kipuuzi, na yanalingana na yale ambayo wengine wamewahi kuyatimiza kwa miguu yao. Lakini ukimuuliza anakimbia kilomita moja kwa dakika ngapi, hajui. Mwalimu wake pia hajui.

Kijana wa Tunduma mjini ana jaribu jingine. Mji ule umekaa kwenye njia kuu iendayo Zambia na kwenye Reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976. Malori husimama kwa foleni ndefu kungoja kuvuka kwenda Nakonde. Palipo na foleni pana kazi za mkono kwa mkono: kupakia, kushusha, kuuza maji, kubadili kwacha, kuvusha mzigo kwa njia za panya. Mvulana mwenye pumzi na nguvu za miguu ndiye hasa anayetafutwa kwa kazi hizo, naye hulipwa siku hiyo hiyo. Riadha humwomba asubiri miaka sita, na wala haimpi hata bukta. Watu wasishangae anapochagua lori. Wanaostahili kuulizwa ni wale walioajiriwa kumwonyesha njia ya pili.

Na njia ya pili ikoje kwa sasa? Inaanza mwezi Mei au Juni. Taarifa hufika shuleni kwamba mashindano ya UMISSETA yamekaribia. Mwalimu wa michezo, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa somo jingine aliyepewa jukumu hilo kwa kuwa ni kijana, hupanga wanafunzi kwenye mstari na kupuliza filimbi. Aliyetangulia amechaguliwa. Huenda kata, huenda wilaya, kisha hukusanywa katika kambi ya mkoa, na hapo ndipo mazoezi huanza kwa pupa. Asubuhi mbio, jioni mbio, kesho yake mbio tena, kana kwamba kazi ya mwaka mzima ingeweza kushindiliwa katika siku 14. Mashindanoni hukimbizwa mita 1,500, na kwa kuwa ana pumzi hukimbizwa pia mita 3,000, na kama mwenzake ameugua hupewa na ile ya tatu. Hurudi nyumbani akichechemea, mifupa ya muundi ikimuuma. Akiwa na medali, atapongezwa kwenye mstarini wa Jumatatu. Baada ya hapo hakuna atakayemwuliza habari za mbio mpaka Juni nyingine.

Huko si kumwandaa mkimbiaji. Ni kumvuna kabla hajapandwa. Kila mwenye elimu kidogo ya mwili anajua kwamba moyo na misuli huitikia mazoezi upesi, lakini kano na mifupa huchelewa, hasa mifupa ya kijana anayeendelea kurefuka. Mtu akizidishiwa kazi ghafla, kinachokatika ni kile kilichochelewa. Aidha, mazoezi makali hayamjengi mtu siku ile ile. Humchosha kwanza, na nguvu huja baada ya mapumziko. Wiki mbili za kambi kwa hiyo humfikisha kijana kwenye mstari wa kuanzia akiwa amechoka kuliko alivyokuwa akichuma kahawa.

Liko na jambo la aibu ambalo watumishi wa elimu hulijua vizuri na hulizungumza kwa minong'ono: mamluki. Kijana aliyemaliza shule zamani, mwenye ndevu na miaka 22, huandikwa kuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu ili mkoa upate kombe. Kombe hupatikana, likawekwa kabatini kwa afisa. Lakini ile nafasi katika basi ilikuwa ya mtoto wa miaka 15 kutoka Ileje, naye amebaki kwao akiamini kwamba hana kipaji, kwa sababu alishindwa na mtu mzima. Anayefanya udanganyifu huo hajaiibia wilaya jirani. Amemwibia mwanafunzi wake mwenyewe.

Hali haikuwa hivi siku zote, na historia inaweza kusaidia mradi isisomwe kama hadithi ya kujifariji. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Katika miaka iliyofuata Tanzania ilikuwa nchi inayoogopwa katika mbio za kati na ndefu. Bayi alikwenda Munich mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka 19, akatolewa katika hatua ya mchujo. Januari 1973 mjini Lagos alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1,500 za Michezo ya Afrika. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfuata nyuma akiwa naye ameivunja rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, aliongeza rekodi ya maili moja. Mwalimu anayemkatia tamaa mwanafunzi kwa kushindwa mara moja mkoani azihesabu tarehe hizo: kati ya Munich na Christchurch haikufika miaka miwili.

Mwaka 1976 Tanzania haikwenda Montreal. Ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Bayi alilipa gharama ya uamuzi huo kuliko wengi, na wananchi wa Tunduma, walioishi mlangoni mwa mapambano ya Kusini mwa Afrika, hawana haja ya kuelezwa kwa nini ilikuwa lazima. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 hizo mbili zilibaki kuwa medali pekee za Tanzania katika Olimpiki.

Angalia walikotoka wakimbiaji wa kizazi kile. Bayi ni wa Karatu, lakini Nyambui ni wa Mkoa wa Mara, na Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 na kuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, ni wa Dodoma. Husemwa mara nyingi kwamba mbio ni za kabila fulani au za mlima fulani, na watu wa mikoa ya kusini-magharibi wamekubali kusemwa hivyo kana kwamba ni sheria ya maumbile. Pahali palipokuwa na shule, jeshi au chuo kilichomshika kijana kwa miaka kadhaa mfululizo, mkimbiaji alitokea.

Kuhusu John Stephen Akhwari, ambaye kila Mtanzania anamjua kwa kumaliza wa mwisho Mexico mwaka 1968 akichechemea na goti likiwa limefungwa bendeji, inafaa kuongeza neno. Mfano wake umetumiwa sana kufundisha uvumilivu, na ni sawa. Lakini umetumiwa pia kama blanketi la kujifunikia, kana kwamba kufika mwisho kunatosha. Akhwari hakuwa msindikizaji. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano kwa muda unaozidi kidogo saa 2 na dakika 15. Alichechemea Mexico kwa sababu aliumia, wala si kwa sababu hakujiandaa.

Wakati Tanzania ilipokuwa ikipata medali hizo, Uganda ilikuwa nyuma katika mbio ndefu. Leo mambo yamegeuka, na waliogeuza ni watu wa maeneo ya mpakani katika miteremko ya Mlima Elgon, maeneo ambayo kwa umbali wake na mji mkuu yanafanana na Tunduma na Ileje. Jacob Kiplimo, mzaliwa wa Bukwo, alikwenda Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 2017 alishinda mbio za nyika za dunia kwa vijana wa chini ya miaka 20 mjini Kampala, na alipokomaa akazishinda za wakubwa Bathurst mwaka 2023 na Belgrade mwaka 2024. Siku ile ile ya Kampala, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa aliongoza mbio za wakubwa mbele ya wananchi wake, akaishiwa nguvu karibu na mwisho, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa mbio hizo hizo nchini Denmark, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Waganda hawakumtupa baada ya Kampala.

Na nchini Kenya, Iten haikuanza kwa uwanja wa kisasa. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika katika Shule ya St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, wala hakuwa kocha. Alijifunza kwa kutazama na kuandika. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na miaka mingi baadaye Bruda huyo ndiye aliyemwongoza David Rudisha kwenye rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012. Walimu wa Songwe wanaosema kwamba hawakusomea riadha wana hoja, lakini hoja hiyo haiwezi kuwa ya kudumu. Chuo cha Maendeleo ya Michezo kipo Malya, na halmashauri inaweza kumpeleka mwalimu mmoja kila mwaka. Na hata kabla hajaenda, yako mambo ambayo mtu makini anaweza kuyafanya kwa kamba, simu na daftari.

Kamba ya mita 50 ikivutwa mara 20 kuzunguka uwanja, bustani na mipaka ya shule, umepatikana mzunguko wa kilomita moja. Simu ya mkononi ina saa ya kupimia. Daftari la kurasa 200 linatosha majina ya miaka mitatu. Mara moja kila baada ya wiki nne wanafunzi wanaopenda mbio wakimbie mizunguko mitatu, na kila mmoja aandikiwe muda wake, pamoja na hali ya hewa na afya yake siku hiyo. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kambi nzima, kwa sababu litaonyesha nani anapanda polepole na nani amesimama. Mara nyingi bingwa wa baadaye si yule anayetangulia akiwa na miaka 14, bali yule wa nne au wa tano ambaye muda wake hupungua kila mwezi.

Mazoezi yenyewe ya kijana wa umri huo hayana siri. Sehemu kubwa iwe mwendo mwepesi, wa nusu saa hadi dakika 45, ambao mtu aweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi. Siku moja ya wiki iwe ya vilima: kupanda kwa nguvu mara sita au nane, kushuka kwa kutembea. Siku nyingine iwe ya kubadilisha mwendo, dakika moja kasi, dakika mbili taratibu. Siku moja iwe ya mbio ndefu zaidi kidogo, na walau siku moja iwe ya kupumzika kabisa. Mwalimu asisahau kuhesabu safari ya kwenda na kurudi shuleni. Mtoto anayetembea kilomita sita kila asubuhi na sita kila jioni tayari amefanya kazi, na kumwongezea saa nzima ya mbio jioni ni kumpakia mzigo juu ya mzigo. Kwa wengi wa aina hiyo inatosha kwamba safari mbili za wiki ziwe ndizo mazoezi, zikipimwa na kuandikwa. Kukimbia miguu mitupu kwenye majani si dhambi. Kwenye changarawe ya barabara ni kuumizana.

Barabara kuu isitumiwe kamwe. Alfajiri malori ya Tunduma hayamwoni mtoto, na moshi wake haujengi mapafu. Njia za mashambani zipo.

Suala la wasichana linahitaji uangalifu wa pekee. Hao ndio wanaopotea kwanza. Akifikisha miaka 14, msichana aliyekuwa akiwashinda wavulana katika shule ya msingi huanza kuambiwa kwamba mbio zitamwondolea heshima, au hunyimwa ruhusa kwa hofu ambayo wazazi wanayo kwa sababu za kweli. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Huondolewa na mwalimu wa kike anayejulikana kijijini, kwa mazoezi ya kundi yanayofanyika mchana kweupe, na kwa mzazi kualikwa kutazama. Mwalimu huyo ajue pia kwamba msichana mkimbiaji hupungukiwa damu kwa urahisi. Anayechoka bila sababu apelekwe zahanati apimwe, asiitwe mvivu. Na yule ambaye siku zake zimekoma kwa miezi kadhaa bila ujauzito huenda chakula chake hakilingani na kazi yake, na mifupa yake iko hatarini. Mambo haya huonewa haya katika ofisi za walimu, na kwa sababu ya haya hiyo vipaji vimezikwa.

Chakula chenyewe hakihitaji kuagizwa kutoka mbali. Songwe ni mkoa wa mahindi, maharage, karanga na parachichi. Dagaa wanapatikana sokoni, mboga za majani ziko bustanini. Maharage na mboga vikifuatana na chungwa au pera, madini ya chuma huingia mwilini vizuri zaidi. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo huyazuia. Shule inayotoa chakula cha mchana imekwisha kufanya nusu ya kazi ya kocha. Kwa vijana wa tambarare za Momba, ambako malaria ni ya kawaida, kuna kanuni moja isiyo na mjadala: mwenye homa hakimbii, hata kama fainali ni kesho.

Wapo wakuu wa shule wanaoamini kwamba riadha ni adui wa mtihani. Ushahidi unaelekea kwingine. Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu vya Marekani mara nne mfululizo, mwaka 1979 hadi 1982, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Katika chuo hicho hicho alikimbia Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978 na wa mita 10,000 mwaka 1982. Milango ya namna hiyo haifunguliwi kwa miguu pekee, huulizwa vyeti. Hata jeshini huulizwa cheti. Kijana anayeacha kidato cha tatu ili akimbie amejifungia milango miwili kwa wakati mmoja, na ni wajibu wa mwalimu wake wa michezo kumwambia hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Inafaa aambiwe pia juu ya fedha za barabarani. Siku hizi karibu kila mji una mbio zake, zenye fulana za rangi na bahasha kwa washindi. Ni jambo jema kwa afya ya watumishi wanaokaa ofisini. Lakini kijana wa miaka 16 anayesafirishwa kutoka Mlowo au Itumba kwenda kukimbia kilomita 21 au 42 kwa ajili ya bahasha anatumiwa. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika huwapa wavulana wa chini ya miaka 20 kilomita 8 na wasichana kilomita 6. Waliopanga hivyo hawakukosa barabara ndefu. Anayemsafirisha mtoto huyo, hata akiwa na maneno matamu na nauli mkononi, aombwe kwanza barua ya mzazi na ya mkuu wa shule.

Yote yaliyotajwa hapa yanaweza kufanywa na mwalimu mmoja mwenye moyo. Lakini mwalimu huhamishwa. Akihamia Ileje kutoka Mbozi, daftari lake hubaki kwenye droo na watoto wake hurudi kuwa majina yasiyo na muda. Hapo ndipo zinapohusika ofisi za elimu na utamaduni za halmashauri, pamoja na chama cha riadha cha mkoa. Nakala ya kila daftari iletwe Vwawa kila mwisho wa muhula. Mbio za nyika za kata zifanyike Machi, za wilaya Mei, na tena Septemba baada ya mavuno, ili Juni isiwe mwanzo wala mwisho wa mwaka. Umri uthibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa na kwa namba ya mtihani wa darasa la saba, na afisa atakayepatikana na mamluki aondolewe katika shughuli za michezo, hata kama mkoa umepata kombe. Viwanja vya shule vilivyobaki vipimwe na viwekewe alama kabla havijageuzwa kuwa vibanda vya biashara, kwa maana Tunduma ardhi ni ghali na mipaka ya shule huhama usiku.

Gharama ya hayo ni ndogo kuliko posho ya kambi moja. Kama halmashauri itaona ugumu, ianze na shule tano tu: mbili Mbozi, moja Tunduma, moja Ileje na moja Momba, zenye walimu waliokubali kwa hiari. Muhula mpya hufunguliwa Januari. Kijana wa kidato cha pili atakuwa amehesabiwa miezi mitano ya mbio nyepesi kabla filimbi ya UMISSETA haijalia, na kwa mara ya kwanza mtu akimuuliza anakimbia kilomita tatu kwa dakika ngapi, atajibu kwa dakika na sekunde.